Noeli Ilipokuwa Siku ya Kazi



Mwezi uliopita kijana mmoja alituletea barua. Anasoma chuo kikuu, amekulia kanisani, na mama yake anaimba kwaya hadi leo. Anasema hivi: tangu azaliwe amesikia kanisa likiomba amani ya Congo, na tangu azaliwe hajaiona hiyo amani. Rafiki zake chuoni wanamcheka. Wanamwambia kwamba maombi ni mazoea ya watu waliokosa la kufanya. Mwisho wa barua ameandika kwamba bado anapiga magoti kila usiku, lakini hajui tena kama kuna anayemsikiliza.

Tulisoma barua hiyo mara mbili, kisha tukanyamaza. Tungeweza kumjibu kwa mistari, maana mistari iko mingi. Lakini tumeona vema tumsimulie kwanza jambo ambalo wazazi wake walilipitia, na ambalo pengine hawajamsimulia vizuri. Watu wa rika lile hawapendi kulizungumza. Sababu ya kutolipenda tutaisema tukifika.

Tukitaja mateso ya kanisa katika nchi yetu, wengi hukumbuka 1964, mwaka wa Simba. Mjini Paulis, ambao leo ni Isiro, mmisionari J. W. Tucker wa Assemblies of God aliuawa tarehe 24 Novemba 1964, na mwili wake ukatupwa katika mto Bomokandi. Makanisa mengi ya mashariki yana hadithi zao za mwaka ule, na ni hadithi za damu. Jaribu lile lilikuja na mkuki mkononi, kila mtu akalitambua. Mtu alijua anayemtaka aikane imani yake ni nani, na anasimama wapi.

Jaribu tunalotaka kulisimulia lilikuja likicheza ngoma. Lilivaa kitenge kizuri chenye picha ya Raisi kifuani.

Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, baada ya kifo cha Tucker. Tusifiche: watu walimshukuru Mungu. Nchi ilikuwa imechoka na vita, na wakristo walikuwa wamechoka kuzika. Mwaka 1967 akaanzisha chama chake, MPR. Baadaye chama hicho kikawa peke yake, na kila mzaliwa wa nchi akahesabiwa kuwa mwanachama, atake asitake. Tarehe 27 Oktoba 1971 Congo ikaitwa Zaïre. Ndipo ikaanza safari iliyoitwa Authenticité, yaani kurudi katika uasili wetu.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilipanga mambo ya ibada. Leta ilitambua makanisa matatu tu: la Kikatoliki, la Kimbanguisti, na Kanisa la Kristo, ambalo ndilo mwavuli wa Waprotestanti wote. Sisi Wapentekoste hatukutajwa. Aliyetaka kuendelea kuabudu bila kukimbizana na askari alipaswa kuingia chini ya mwavuli na kuwa komunoté yenye namba yake. Ndiyo maana hadi leo tunasema mtu ni wa 5e, wa 8e au wa 30e, kana kwamba namba hizo zilishuka siku ya Pentekoste. Zilitoka katika ofisi. Lakini Mungu hutumia hata ofisi, na chini ya mwavuli ule tulikutana na ndugu ambao zamani tulikuwa tukiwapita njiani bila salamu.

Mwaka 1972 yakaja mambo ya majina. Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga, na wananchi wote wakaamriwa kuacha majina ya kigeni. Padri ambaye angembatiza mtoto wa Mzaïre kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa miaka 5. Sisi hatubatizi watoto wachanga, lakini tulikuwa tukiwapa majina siku ya kuwaweka mikononi mwa Bwana, na majina hayo yalikuwa Petro, Yoane, Ester, Samweli. Yakaondoka kwenye kadi. Shuleni uliitwa kwa jina la babu, na nyumbani mama akaendelea kukuita kama zamani, kwa sauti ya chini.

Hapa tuseme ukweli wetu. Jina la babu si dhambi. Wako wamisionari waliokosea walipotufundisha kwamba jina la Kibembe au la Kiluba haliwezi kuingia mbinguni. Na Danieli aliyekuwa Babeli, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, alibadilishwa jina akaitwa Belteshaza, na wenzake watatu vivyo hivyo. Hatusomi kwamba walikataa. Walichokataa ni chakula cha meza ya mfalme. Baba zetu waliosoma Biblia vizuri waliona jambo hilo: kuna kitu unaweza kumwachia mfalme, na kuna kitu huwezi. Kazi ngumu ni kujua mpaka uko wapi, na Mobutu alikuwa akiusogeza kila mwaka.

Wakatoliki waliuona mapema. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akafukuzwa katika nyumba yake, akaenda kukaa Roma miezi kadhaa mwaka huo wa 1972, na nyumba ikapewa vijana wa chama. Sisi Waprotestanti hatukusimama pamoja naye. Tuliona ni ugomvi wa Wakatoliki na Leta. Wengine kati yetu walifurahi moyoni, maana tangu enzi ya Wabelgiji Wakatoliki ndio waliopendelewa. Hiyo ni sababu ya kwanza ya wazee kunyamaza wanapoulizwa juu ya miaka ile.

Baada ya Malula, zamu yetu sote ikafika. Vyama vya vijana vya makanisa vikavunjwa, vijana wote wakawa wa JMPR. Vipindi vya dini vikaondolewa redioni. Mwaka 1973 magazeti ya dini 31 yakafungwa. Ndugu msomaji, karatasi hii unayoishika, na redio unayoifungua asubuhi upate neno kabla ya kwenda shamba, vyote viwili visingeweza kuwako.

Kisha ukaja mwaka 1974, na huu ndio tunaoukumbuka zaidi.

Ilitangazwa kwamba Noeli si sikukuu tena. Tarehe 25 Desemba ingekuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Amri zikatoka kwamba misalaba na picha za dini ziondolewe mahali pa watu wote, shuleni, hospitalini na ofisini, na picha ya Raisi ibaki ukutani peke yake. Mwishoni mwa mwaka shule za makanisa zikachukuliwa na Leta, somo la dini likafutwa, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya uraia na ya Mobutu. Mmoja wa makomisa wa Leta, Engulu, alisema wazi mbele ya watu kwamba Mungu ametuletea nabii mkubwa, kwamba Mobutu ndiye masiya wetu, na kwamba kanisa letu ni MPR. Waliokuwa na televisheni waliona kila jioni, kabla ya habari, uso wa Raisi ukishuka kutoka mawinguni. Sisi wa vijijini hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na nyimbo, na nyimbo zilitosha. Kila asubuhi kabla ya darasa na kabla ya kazi watu walisalimu bendera, wakaimba na kumchezea Mwongozi. Aliyesimama kando alionekana.

Tarehe 25 Desemba 1974 ilikuwa Jumatano. Wachache kati yetu tunaoandika hapa tulikuwa watoto, na tunakumbuka. Mama waliamka saa kumi za usiku. Tulitembea gizani hadi kanisani, watoto wadogo wamebebwa mgongoni, na hakuna aliyepiga ngoma. Mzee alisoma Luka sura ya 2 karibu na taa ya mafuta. Sura ile inaanza na amri ya Kaisari Augusto kwamba watu wote waandikwe, na aliposoma jina la Kaisari alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Hakueleza kitu. Watu wazima walielewa. Tuliomba kwa sauti ndogo hadi kukaribia kupambazuka, kisha baba zetu wakaenda kazini, na saa moja na nusu walikuwa mbele ya bendera wakiimba pamoja na wengine. Jioni tukakusanyika tena. Kuku alingojea Jumapili.

Mtoto wa kisasa atauliza: kwa nini waliimba? Kama Raisi aliitwa masiya, kwa nini hawakukataa kama Shadraka, Meshaki na Abednego? Hiyo ndiyo sababu ya pili ya ukimya wa wazee. Wengi waliimba. Wengine waliimba kwa hofu, maana asiyeimba alipoteza kazi na watoto wakalala njaa. Wengine waliimba kwa sababu nyimbo zilikuwa tamu. Wako walioingia katika kamati za chama, wakasahau njia ya kanisa, na wako watumishi wa Mungu waliohubiri chama katika mimbari. Bendera hufuata upepo, na upepo ulikuwa mkali. Hatuwezi kukuandikia, kijana wetu, kwamba baba zako wote walikuwa Danieli. Wengi walikuwa Petro uani, wakiota moto.

Lakini tunataka uangalie jambo moja walilofanya, nalo ni dogo kiasi kwamba wanahistoria hawaliandiki. Waliendelea kumwombea Mobutu.

Katika ibada ilikuwa kawaida kumwombea mkuu wa nchi, kama Paulo alivyomwagiza Timotheo katika waraka wa kwanza, sura ya 2. Leta haikuwa na neno juu ya hilo, hata ililipenda. Watu wa chama waliokaa nyuma kusikiliza waliona jina la Raisi linatajwa, wakaridhika. Lakini sikiliza vizuri kile kilichokuwa kinasemwa. Mzee alisimama, akafumba macho, akasema: Bwana, umpe hekima. Umrehemu. Umsamehe makosa yake. Umkumbushe siku ya kutoa hesabu.

Ni nani huombewa rehema? Mtu. Ni nani husamehewa makosa? Mwenye makosa. Kiswahili chetu kimeweka tofauti hiyo katika herufi moja tu: kumwomba na kumwombea. Chama kilitaka Mobutu aombwe, maana masiya huombwa. Kanisa likamwombea. Kwa herufi hiyo moja lilitangaza, Jumapili kwa Jumapili, mbele ya wapelelezi wenyewe, kwamba yule ambaye uso wake unashuka kutoka mawinguni ni mwanadamu kama sisi, anayehitaji kuhurumiwa na Mungu. Hakuna aliyekamatwa kwa maombi hayo. Hatujui kama wote waliokuwa wakiomba walijua walichokuwa wakisema. Pengine wengi walisema tu kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Uaminifu katika maombi mara nyingi ni hivyo: kinywa kinalishika neno mpaka siku moyo utakapolielewa.

Na hawakuwa wa kwanza. Rudi kwa Danieli, sura ya 6. Amri ya Dario ilikuwa kwamba kwa siku 30 mtu yeyote asiombe kwa mungu wala kwa mwanadamu, isipokuwa kwa mfalme. Si amri ya kukataza maombi. Ni amri ya kumwomba mfalme. Danieli akaenda nyumbani, akafungua madirisha ya kuelekea Yerusalemu, akaomba mara tatu kwa siku, kama alivyozoea. Tunapenda kuhubiri madirisha. Mara chache tunahubiri maneno ya mwisho, kwamba ndivyo alivyozoea. Hakubuni maombi mapya ya kishujaa. Aliendelea na yale ya zamani. Na asubuhi, akiwa bado ndani ya tundu la simba, neno lake la kwanza kwa Dario lilikuwa la kumtakia maisha marefu.

Karibu mwaka 197 baada ya Kristo, Mwafrika mwenzetu aliyeitwa Tertullian, wa Kartago katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu cha kuwatetea wakristo mbele ya watawala wa Roma. Walishitakiwa kwamba hawamtolei Kaisari sadaka kama mungu, kwa hiyo ni adui wa nchi. Tertullian alijibu kwamba wakristo wanamwombea Kaisari kwa Mungu wa kweli, ampe maisha, utulivu na majeshi hodari. Lakini hawatamwita mungu, kwa sababu kumwita mungu ni kumdhihaki mtu ambaye anahitaji Mungu. Wazee wetu hawakumsoma Tertullian. Walifika mahali pale pale kwa magoti.

Je, maombi yao yalijibiwa? Hapa tunatembea taratibu, maana kijana wetu anatuangalia. Leta ilishindwa kuendesha shule. Bei ya shaba ilianguka tangu 1974, fedha zikapungua, walimu wakakaa bila mishahara, na Februari 1977 ikasainiwa mapatano ya kurudisha shule kwa makanisa. Wiki chache baadaye vita vikaingia Shaba kutoka Angola. Hatutasema kwamba maombi ya asubuhi ya Desemba ndiyo yaliyoangusha bei ya shaba. Ni shaba ile ile iliyowalisha watoto wa Lubumbashi na Kolwezi, na kuanguka kwake kuliwatia njaa wakristo kama wengine. Anayesema Mungu hufanya kazi kwa hesabu rahisi namna hiyo hajaishi Katanga. Tunaweza kusema hili tu: shule ziliporudi, kulikuwa na watu wa kuzipokea. Somo la dini liliporudi, kulikuwa na walimu waliokuwa bado wanajua kuomba. Kama miaka ile watu wangeacha, wakingoja hali itengenee ndipo waanze tena, Leta ingerudisha funguo na pasingekuwa na wa kuzishika.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Majina yakarudi. Akina Petro na Ester wakatoka mafichoni wakiwa na mvi. Makanisa yakaota kila mtaa kama uyoga baada ya mvua, kisha redio, nayo yetu ikiwamo. Mei 1997 Mobutu alikimbia, na tarehe 7 Septemba mwaka huo alikufa Rabat, nchini Moroko, akazikwa huko katika makaburi ya wakristo. Mtoto wa Mama Yemo, aliyesoma kwa wamisionari, aliyetoa misalaba ukutani, analala katikati ya misalaba. Hatuliandiki hili kwa kumcheka. Wako mama wazee kati yetu waliolia siku ile, na walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba wamemwombea mtu huyo zaidi ya miaka 30, na mtu uliyemwombea hivyo si mgeni kwako.

Sasa, kijana wetu, umeuliza juu ya siku za leo. Vita vya mashariki vilianza ulipokuwa hujazaliwa, na havijaisha. Hatuna maelezo ya kukupa, na tunaogopa wahubiri walio nayo tayari mfukoni. Rafiki zako wanaokucheka hawajasema uongo wote. Wameona watu wakiomba badala ya kutenda, nasi tumewaona. Wameona jambo lingine ambalo ni lazima tulikiri katika karatasi yetu wenyewe. Wamepita katika nyumba za wakristo, wakakuta ukutani picha ya mtumishi wa Mungu, kubwa, ya rangi, mahali ambapo zamani palikuwa na picha ya Mwongozi. Wamesikia watu wakisema wanaomba Mungu wa Papa fulani, wakinunua mafuta yake, wakingoja neno lake ndipo waoe au wasafiri. Ile herufi moja inatuponyoka tena, na safari hii hakuna amri ya Leta ya kusingizia.

Kwa hiyo unapopiga magoti usiku bila kujua kama unasikiwa, usidhani umetoka katika safu. Uko pale walipokuwa wazazi wako asubuhi ile ya Jumatano, gizani, wakiomba kwa sauti ndogo, wakijua kwamba baada ya saa chache wataimba wimbo mwingine. Muulize mama yako. Mwambie tumekutuma sisi. Mpe nafasi ya kusema hata yale ambayo hayampendezi.

Juma hili asubuhi tutasoma Danieli sura ya 6 pamoja na 1 Timotheo sura ya 2. Maombi yanaanza saa kumi na moja, na mlango wa kanisa utafunguliwa mapema kwa wanaotembea mbali. Tutamwombea Raisi wa Jamhuri, gavana wa jimbo letu, wakubwa wa majeshi na wale walioshika silaha porini. Mwishoni tutawaombea wachungaji wetu, kila mmoja kwa jina lake, kwamba Mungu awarehemu na kuwasamehe makosa yao.